Kasoro ya kuzaliwa au jeraha? Ipime sarafu ya kale kabla hujatoa fedha

Wazazi wenzangu, wiki hii homa na lishe tunaziweka pembeni kidogo. Nitazungumzia sarafu za zamani, zile zilizolala kwenye kopo la bibi au kwenye kabati la babu. Mnaweza kuuliza zinaingiaje kwenye ukurasa wa familia. Zimeingia kwa sababu Jumamosi moja huko Lushoto zilitaka kuondoka na godoro, ndoo na nauli ya binti wa mjomba wangu.

Nilikuwa nimepanda kwenda kumsalimia mjomba. Anaishi juu ya mji, upande wa kwenda Magamba, ambako ukungu huchelewa kuondoka na nguo zinaweza kukaa kwenye kamba siku mbili bila kukauka.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama, za Dar?"

Alisubiri nimalize chai, akaingia ndani na kurudi na kopo la maziwa ya unga. "Wewe si mtu wa hospitali?" akaniuliza. "Basi nipimie hawa wagonjwa."

Nimeshamweleza mara nyingi kwamba mimi ni mwandishi wa habari za afya, si daktari. Haisaidii. Akamwaga sarafu juu ya meza, akachagua moja na kuiweka mbele yangu. Ilikuwa shilingi moja ya mwaka 1966, yenye sura ya Mwalimu Nyerere upande mmoja na mkono ulioshika mwenge upande wa pili. Kwenye shavu la Mwalimu kulikuwa na herufi zilizoandikwa kinyume, kama maandishi unayoyaona kwenye kioo.

Mpwa wake mwingine alikuwa ameipiga picha na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp. Haikupita wiki, akapiga simu mtu aliyesema yuko Mombo. Alisema hilo ni kosa la kiwanda, kwamba liko moja tu duniani, na kwamba tajiri fulani atalinunua kwa shilingi milioni 40. Kilichobaki ni mjomba kutuma 350,000 za "kipimo cha maabara na cheti".

Mjomba alikuwa nazo. Ni fedha ya viazi na plamu za msimu mzima, iliyowekwa kwa ajili ya binti aliyechaguliwa kuingia kidato cha tano. Alikusudia kuituma Jumatatu. Mkaza mjomba alikuwa amesimama mlangoni, akasema kwa sauti ya chini: "Hiyo ni fedha ya godoro la mtoto."

Nikamwomba mjomba anipe siku mbili. Nilimpigia mtu ninayemfahamu Dar es Salaam, ambaye amekusanya sarafu tangu akiwa shule, nikamtumia picha na kumuuliza maswali mpaka akachoka. Alichonifundisha ndicho ninachowaletea leo, kwa sababu najua kopo kama lile liko kwenye nyumba nyingi.

Sarafu huzaliwa kwa pigo moja

Kwanza tujue sarafu inavyotengenezwa. Kiwandani hukatwa visahani vitupu kutoka kwenye bamba refu la madini, kama mama anavyokata maandazi kwa kikombe. Kila kisahani huwekwa katikati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, mmoja chini na mmoja juu. Mihuri hukutana kwa nguvu nyingi sana, na kwa pigo hilo moja pande zote mbili hupata picha na maandishi. Sarafu inakuwa imezaliwa.

Chochote kilichoharibika kabla ya pigo hilo au wakati wa pigo ni kasoro ya kuzaliwa. Hiyo ndiyo wakusanyaji wanaitafuta. Chochote kilichotokea baadaye, kwenye mfuko, shambani, kwa fundi au mikononi mwa mtoto, ni jeraha. Jeraha hupunguza thamani hata kama linashangaza macho.

Ni kama kazi ya daktari. Mgonjwa akija na alama mwilini, swali la mwanzo ni lini ilianza. Kwa sarafu tunauliza hivi: jambo hili lingewezaje kutokea kwa pigo la mhuri? Usipopata jibu, unaangalia jeraha.

Shilingi yenye maandishi shavuni

Tuanze na ile ya milioni 40. Kuna kasoro ya kweli inayoleta picha ya kinyume. Wakati mwingine sarafu iliyokwisha pigwa hung'ang'ania kwenye mhuri na kukataa kutoka. Kisahani kinachofuata, badala ya kugongwa na mhuri, hugongwa na ile sarafu. Hapo sarafu mpya hutoka ikiwa na picha ileile pande zote mbili: upande mmoja sawasawa, upande wa pili ikiwa imegeuka na kuzama ndani. Lakini tazama vizuri. Kama mwenge uliogeuka ungekuwa upande wa Mwalimu kwa njia hiyo, sura ya Mwalimu isingekuwepo kabisa, maana mhuri wake ulikuwa umefunikwa.

Kuna na nyingine. Mihuri miwili ikigongana bila kisahani katikati, kila mmoja huachia mwenzake alama. Sarafu zitakazofuata huwa na kivuli hafifu cha upande wa pili. Lakini kivuli hicho hukaa kwenye uwanda tambarare unaozunguka sura. Hakiwezi kupanda juu ya shavu, kwa sababu mahali pa shavu ndipo mhuri ulipochimbwa ndani, mwenzake hafiki pale.

Shilingi ya mjomba ina sura kamili, na herufi zimezama juu ya shavu lenyewe. Chini ya herufi hizo shavu limelala bapa. Na ukigeuza upande wa mwenge, nao umebonyezwa sehemu ileile. Jibu ni moja: mtu alichukua shilingi mbili, akazibana pamoja kwenye jiriwa, ile vaisi ya karakana, akakaza. Au nyundo ilipita. Ni jeraha.

Mjomba alinyamaza muda. Halafu akasema, "Kumbe hata fundi baiskeli angenitengenezea nyingine." Naam, mjomba. Hata kesho.

Tobo, mkato na wembamba

Sarafu ya pili ilikuwa ya heller 10 ya Wajerumani, zile zenye tobo katikati. Wakati ule Lushoto ikiitwa Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao Wilhelm wa Pili, na fedha iliyozunguka ilikuwa rupia na heller. Kutoka kwa heller ndiko tulikopata neno "hela" tunalolitumia mpaka leo.

Tobo la sarafu hii lilikuwa limerefuka upande mmoja kama yai. Mpwa alishaandika kwenye kundi "tobo limekosewa". Tobo la kiwandani linaweza kweli kukosa katikati, lakini hubaki duara safi. Hili liliyeyuka upande mmoja kwa kusuguliwa: sarafu ilivaliwa kwenye uzi miaka mingi. Nani aliivaa hatujui, ila si kiwanda kilichofanya hivyo. Na ukikuta tobo la pili lililotobolewa kwa msumari, utaona midomo ya chuma iliyosukumwa kuelekea upande mmoja.

Pia kuna sarafu iliyo kama imeumwa pembeni. Hii inaweza kuwa kasoro ya kweli. Mashine ikikata kisahani mahali palipokwisha katwa kingine, kisahani hutoka na pengo la mviringo. Dalili yake ni kwamba ukingo ulio mkabala na pengo huwa dhaifu, na herufi karibu na pengo hufifia taratibu. Kama pengo ni mkato wa ghafla, makali ni mapya na herufi zimekatwa katikati kama kwa mkasi, basi ni mkasi.

Sarafu nyembamba kupita kawaida nayo huwadanganya wengi. Iliyolowekwa kwenye maji ya betri huliwa pande zote kwa pamoja. Inakuwa nyepesi, herufi zinakuwa butu na ngozi yake inakuwa na vijitundu. Hapa mizani ya sonara ni rafiki yako. Rupia moja ya fedha ya Mjerumani ina gramu 11.66. Iliyochakaa kwa kawaida hupungua kidogo tu. Ikipungua sana, uliza kilichoila au kama ni ya bandia.

Kadhalika na ile sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, iliyopigwa mwaka 1916, ambayo matapeli wanapenda kuitaja. Ya kweli ina gramu 7.17 hivi. Zilipigwa kiasi cha 16,000 tu, na za bandia zimejaa duniani. Mtu akikupigia simu kuwa anayo na anataka kukuuzia kwa huruma, kata simu.

Kile kibaya ndicho kilikuwa kizuri

Chini kabisa ya kopo kulikuwa na sarafu ya njano, mbaya kuliko zote. Herufi zimepinda, taji limekaa vibaya, na mstari umepita kutoka kwenye taji mpaka ukingoni. Mjomba alikuwa amemwambia mpwa aichukue akachezee.

Ni heller 20 ya mwaka 1916, yenye herufi D.O.A. na herufi T. Ile T si kosa. Ni alama ya Tabora, kama herufi J ilivyo ya kiwanda cha Hamburg na A ya Berlin. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia meli za Waingereza ziliziba pwani, sarafu kutoka Ujerumani zikawa hazifiki. Wajerumani wakaamua kupiga zao katika karakana ya reli pale Lulanguru, karibu na Tabora. Walipiga za heller 5, za heller 20 na zile za dhahabu zenye tembo. Septemba mwaka huohuo jeshi la Wabelgiji likauteka mji.

Karakana ya treni si kiwanda cha sarafu. Mihuri ilichongwa kwa haraka, ikachoka na kupasuka. Ndiyo maana wakusanyaji wanazigawa heller 20 za Tabora kwa taji kubwa na taji dogo, na hata kwa namna ncha ya herufi L ilivyochongwa. Ubaya wake ni wa kuzaliwa.

Na ule mstari? Rafiki yangu aliniambia nizime taa, niwashe tochi ya simu, niilaze pembeni ili mwanga upite juu ya sarafu kwa mshazari. Nikafanya hivyo. Mstari ulikuwa umeinuka kama mshipa kwenye mkono wa mzee.

Hapa kuna kanuni ambayo ningependa kila mzazi aikumbuke. Mhuri ukipasuka, madini huingia ndani ya ufa wakati wa pigo, hivyo kwenye sarafu ufa huonekana kama mstari ulioinuka. Mkwaruzo wa msumari huchimba, hivyo huonekana kama mstari uliozama. Ulioinuka ni wa kuzaliwa. Uliozama, mara nyingi ni jeraha.

Kwa hiyo kwenye kopo zima, mgonjwa mwenye kasoro ya kweli alikuwa huyu aliyekusudiwa kuchezewa. Lakini habari haikuishia pazuri. Mjukuu wa mjomba, kijana mwenye nia njema, alikuwa ameisugua upande wa pili kwa stilwaya na limao ili ing'ae. Upande ule sasa umejaa mikwaruzo midogo inayozunguka, na rangi yake ya miaka mia moja imekwenda. Mkusanyaji akiona hivyo hurudisha mkono mfukoni. Bado ina thamani kidogo, lakini haitajenga nyumba.

Usiioshe

Hapa narudi kwenye kazi yangu ya kila wiki. Kila mtu anayepata sarafu ya kale hukimbilia kuiosha: limao, majivu, magadi, dawa ya meno, na wengine maji ya betri. Maji ya betri ni asidi kali. Huunguza ngozi na yakirukia jichoni yanaweza kuua uoni. Yakimpata mtoto, mwagia maji safi mengi yanayotiririka kwa angalau dakika 20, ukimvua nguo zilizolowa, kisha nenda hospitali. Hakuna sarafu inayostahili hatari hiyo, hasa ukijua kwamba kuosha kwenyewe kunaiua thamani.

Kwenye milima yetu adui mwingine ni unyevu. Sarafu za shaba hutoa kutu ya kijani, na hiyo nayo si kasoro ya kiwandani. Vilevile shilingi 500 ya siku hizi ni chuma kilichopakwa nikeli. Ikianza kuvimba na kutoa kutu, ujue maji yameingia chini ya ngozi yake. Ishike sarafu kwa ukingo, iweke kwenye bahasha kavu ya karatasi, kila moja peke yake, na kopo likae juu.

Juu, nasema, mahali ambapo mtoto hafiki. Watoto wadogo humeza sarafu. Na betri bapa ya rimoti au ya saa inafanana sana na sarafu, lakini ni hatari zaidi: inaweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa 2. Mtoto akimeza kitu cha duara na huna hakika ni nini, usimtapishe, usimpe chakula, mkimbize hospitali akapigwe picha ya eksirei.

Maswali 5 kabla ya kutoa hata shilingi

Kwanza, je, alama imeinuka au imezama? Tumia tochi ya simu kwa mshazari.

Pili, kitu hiki kingetokeaje kwa pigo moja la mhuri? Ukishindwa kueleza, na anayekusifia naye akishindwa, mwache.

Tatu, upande wa pili unasemaje? Jeraha la kubanwa au kugongwa mara nyingi huacha alama pande zote mbili.

Nne, je, ni kasoro au ni kawaida ambayo hatuijui? Pesa ya Sultan Barghash wa Zanzibar imeandikwa 1299, na wapo wanaodhani ina miaka zaidi ya 700. Huo ni mwaka wa Hijria, sawa na 1882. Riale ya Maria Theresa nayo imeandikwa 1780 hata ikiwa imepigwa zaidi ya miaka mia baadaye. Hayo si makosa.

Tano, nani ananiambia? Mwonyeshe mtu asiyetaka kukuuzia wala kununua kwako: mwalimu wa historia, mtu wa makumbusho, sonara mwenye mizani. Uliza wawili. Na mnunuzi wa kweli hutoa fedha, haombi. Anayeomba ya kipimo, ya cheti, ya kibali au ya usafiri kabla hajaishika sarafu mkononi ni tapeli, hata akiongea kwa upole namna gani.

Jumatatu asubuhi yule mtu wa Mombo alipiga tena. Mjomba aliweka simu kwenye spika ili wote tusikie. Akamuuliza kwa adabu kabisa: "Mwanangu, herufi zilipandaje juu ya shavu, na sura ikabaki?" Upande wa pili kukawa kimya. Halafu yule mtu akasema tajiri anaondoka leo, kwamba hata 200,000 zingetosha kuanzia. Mjomba akakata.

Hakucheka, na mimi sikucheka. Mtu akiishi na ndoto ya milioni 40 kwa wiki tatu, si jambo dogo kuirudisha kwenye kopo. Nimeona sura kama ile hospitalini, kwa mzazi anayeambiwa kwamba dawa ya gharama aliyouziwa mtaani haitibu kitu. Ukimkuta mzee wako katika hali hiyo, usimdhihaki. Kaa naye, washa tochi, mtazame pamoja. Akiona mwenyewe mstari uliozama, hatahitaji kuambiwa.

Mchana ule mkaza mjomba alishuka mjini na binti. Walirudi na godoro limefungwa kwa kamba nyuma ya bodaboda, na ndoo mbili mpya. Heller 20 ya Tabora iko kwenye bahasha ya karatasi juu ya kabati, na kijana wa limao amepewa kazi ya kuilinda.

Wiki ijayo tunarudi kwenye mada yetu ya kikohozi cha watoto msimu wa baridi. Mpaka hapo, kabla hujaliosha kopo la bibi, litazame kwanza kwa tochi.